Hesabu za Duka: Uandike Mwenyewe au Umlipe Mtu?

Ni saa tatu usiku Kawangware. Umefunga duka, miguu inauma, na bado daftari linakungoja. Unasema, "Aah, nitaandika kesho." Kesho inakuwa wiki, wiki inakuwa mwezi, na tarehe 20 ya KRA hiyo imefika. Hapo ndipo swali huja: si nimlipe tu mtu aniandikie hizi hesabu?

Kabla hujaamua, tupige hesabu pamoja. Mifano hii miwili ni yetu, lakini huenda ukajiona ndani yake.

Kibanda kidogo: daftari linatosha

Tuseme unauza mboga Laini Saba, Kibera. Mauzo ni KSh 2,500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 65,000 kwa mwezi, au 780,000 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kodi ya TOT, ile inayotozwa jumla ya mauzo, huanza mauzo yakipita milioni 1 kwa mwaka. Wewe hujafika huko.

Ukimlipa mtu 3,000 kila mwezi, umempa mauzo ya zaidi ya siku nzima. Ukitoa bei ya sokoni, hiyo ni faida ya siku kadhaa. Dakika kumi kila jioni zinakutosha: pesa zilizoingia, zilizotoka, na nani ana deni lako. Ila kama una PIN ya KRA, ritani ya mwaka bado ni lazima, na mwisho ni Juni 30.

Duka likikua, kosa dogo ni ghali

Sasa tuseme una hadiwea karibu na steji ya 46, Kawangware. Unauza 15,000 kwa siku, yaani 390,000 kwa mwezi. TOT ni asilimia 3, kwa hivyo unadaiwa 11,700, na unalipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kumbuka, inatozwa mauzo, si faida.

Mwezi huohuo dada yako alituma 40,000 za karo, na chama kikakupa 20,000. Zote zikaingia kwa Till ya duka. Anayesoma taarifa ya Till ataona 450,000. Kama zote zitahesabiwa kuwa mauzo, utalipa 1,800 zaidi na hujauza hata msumari. Ikiwa hivyo mwaka mzima, mauzo yako ya 4,680,000 yataonekana kuwa 5,400,000. Umevuka milioni 5, kiwango cha kujisajili kwa VAT, na ni kwenye karatasi tu.

Mhasibu, hata awe hodari vipi, hawezi kujua kwamba zile 40,000 zilikuwa karo. Wewe ndiye unayejua. Kwa hivyo unaweza kumpa mtu kazi ya kujumlisha na kujaza ritani, lakini kazi ya kusema kila shilingi ilitoka wapi inabaki kwako.

Lipa mtu ikiwa:

- umekosa tarehe 20 zaidi ya mara moja;
- unauza kwa deni na hujui jumla ya unachodai;
- una wafanyakazi wa mshahara, au ankara za eTIMS zinakushinda;
- ada yake ni ndogo kuliko faini na hasara unazopata sasa.

Kabla hujampa kazi

Usimpe mtu yeyote PIN ya simu yako. Anachohitaji ni taarifa ya miamala, na hiyo unaweza kuipakua na kumtumia. Nywila ya iTax pia ibaki kwako; wakala wa kodi aliyeidhinishwa anaweza kuunganishwa na akaunti yako bila hiyo nywila. Kila ritani ikishawasilishwa, dai nakala ya risiti. Rekodi zako zihifadhi miaka 5. Siku kukiwa na shida, KRA watakuja dukani kwako, si kwake.

Usiku wa leo, kabla hujalala, fungua taarifa ya Till ya wiki hii. Weka alama kwa kila pesa ambayo si mauzo. Kama umemaliza kwa dakika kumi, huhitaji mtu bado. Kama kuna hata tano hukumbuki zilitoka wapi, anza kuandika kesho asubuhi, mteja wa kwanza akishalipa.