Matumizi Salama ya Dawa za Jongo

Ugonjwa wa jongo, ambao wengi huuita gauti, hutokana na kuzidi kwa tindikali ya yuriki katika damu. Kwa kawaida tindikali hiyo hutolewa mwilini zaidi kwa njia ya figo. Isipotoka ipasavyo, hujenga fuwele ndogo mithili ya sindano ndani ya viungo. Ndipo kidole gumba cha mguu huvimba na kuuma ghafla, mara nyingi usiku.

Dawa za ugonjwa huu ziko makundi mawili. Kundi la kwanza hutuliza shambulio: diklofenaki na jamii yake, kolchisini, na prednisoloni. Kundi la pili, ambalo alopurinoli ndiyo maarufu zaidi, hupunguza tindikali lakini halitulizi maumivu. Kwa hiyo anayemeza alopurinoli siku ya maumivu tu, kisha akaiacha, hapati faida yake. Dawa hiyo hutumiwa kila siku, aghalabu kwa miaka mingi.

Alopurinoli huanzwa kwa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku, au pungufu kwa mwenye ugonjwa wa figo. Dozi huongezwa polepole hadi kipimo cha damu kishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Miezi ya mwanzo mashambulizi huweza kuongezeka, kwa kuwa fuwele za zamani zinaanza kuyeyuka. Hiyo si ishara kwamba dawa imeshindwa. Daktari huweza kuongeza dawa ya kinga kwa miezi 3 hadi 6. Lakini upele ukitokea, mgonjwa aache dawa mara moja na kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwani madhara hayo huweza kuhatarisha maisha.

Diklofenaki hununuliwa kwa urahisi dukani, hata hivyo ikitumiwa kiholela huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Kolchisini ikizidi dozi huharisha, hutapisha na huweza kuua. Prednisoloni nayo hupandisha sukari ya mwenye kisukari.

Zipo pia dawa za maradhi mengine zinazoongeza tindikali, kama vile pirazinamidi ya kifua kikuu na baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake. Amweleze mtoa huduma.

Aidha, mtu ambaye kipimo kimeonyesha tindikali nyingi lakini hana dalili yoyote, kwa kawaida hahitaji dawa. Hushauriwa kunywa maji ya kutosha, kupunguza bia, soda, nyama nyekundu na maini, na kupunguza uzito uliozidi.

Wananchi wanashauriwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu wakiwa na dawa zao zote, zikiwemo za miti shamba, kabla ya kuanza tiba ya jongo.