Bolti Iliyokwama na Kidonda cha Mgandamizo

Kijana mmoja aliyepooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo alirudi kliniki akiwa na kidonda kwenye mfupa wa kalio. Mto wake ulikuwa mzuri, na alijiinua kitini mara kwa mara kama alivyofundishwa. Kasoro ilikuwa chini: kibao cha kukanyagia kilikuwa juu mno, magoti yameinuka, mapaja hayagusi mto, na uzito wote wa kiwiliwili umeangukia mifupa miwili ya makalio. Kibao hicho hushushwa kwa kulegeza bolti moja tu. Bolti hiyo ilikuwa imekwama, na kwa miezi kadhaa hakuna miongoni mwetu aliyeona kuwa hilo ni jambo la daktari.

Viti vyepesi vya magurudumu aghalabu huundwa kwa mabomba ya alumini yaliyofungwa kwa bolti za chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye maji yenye chumvi huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Chumvi hiyo haitoki kwenye hewa ya pwani pekee. Jasho na mkojo vinayo ya kutosha. Alumini haitoi kutu nyekundu, bali unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa. Unga huo hujazana ndani ya hesi na kuibana bolti kama kabari.

Anayevuta spana kwa hasira atakata kichwa cha bolti, au atang'oa hesi za alumini, ambazo ni laini kuliko za chuma. Kwanza mgonjwa ahamishwe kitini. Unga usuguliwe kwa brashi na maji ya moto, pakauke, kisha mafuta mepesi ya kupenya yatiwe pande zote mbili za bolti na kuachwa usiku kucha. Siku ya pili yatiwe tena, na kichwa cha bolti kigongwe taratibu ili mtikisiko uyafungulie mafuta njia. Spana iwe ya kipimo halisi. Bolti ijaribiwe kukazwa kidogo kabla ya kulegezwa. Ikisogea kisha ikawa ngumu, irudishwe, iongezwe mafuta, na kazi ianze upya. Nakiri kwamba fundi baiskeli wa mtaani huyajua haya kuliko madaktari wengi.

Ikigoma bado, yatumike maji yanayochemka. Alumini ikipata joto hupanuka takriban mara mbili ya chuma cha kawaida, hivyo tundu hutanuka kuliko bolti iliyomo. Kitambaa kizungushwe kwenye bomba, maji yamiminwe polepole, na mikono ikingwe. Moto wa gesi usitumike kabisa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 bila kugeuka nyekundu ili kumwonya fundi, na aloi nyingi za mabomba hupoteza uimara mapema zaidi, zikipita nyuzijoto 200 hivi. Fremu ya namna hiyo huonekana nzima, kisha huvunjika mtu akiwa ameikalia.

Anayelazimika kupiga tindo avae miwani ya kazi. Kibanzi cha chuma kikiingia jichoni, jicho lisisuguliwe wala kibanzi kisichokolewe. Mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Bolti ikitoka, hesi zisafishwe na kupakwa grisi kabla ya kurudishwa, kwa kuwa grisi huzuia maji kuingia kati ya metali hizo mbili. Kibao nacho kipimwe upya mgonjwa akiwa ameketi na viatu vyake: mapaja yalale juu ya mto, wala miguu isining'inie, maana kibao kikiwa chini mno mtu huteleza mbele na kujichubua mgongoni karibu na kitako.

Bolti ya kijana yule ililegea siku ya tatu. Tulishusha kibao upana wa vidole vinne. Kidonda kilichukua miezi minne kufunga.