Trakteri ya zamani: bulo zilizoshika kutu na moteri isiyozunguka



Kwenye vijiji vingi vyetu, nyuma ya depo, mtakuta trakteri imesimama katikati ya majani. Mara nyingine ni Massey Ferguson 135, ile nyekundu ambayo kiwanda cha Coventry kule Uingereza kilianza kuitengeneza 1964, yenye moteri ya Perkins ya pistoni tatu. Watu wanapita wanasema imekufa. Sisi tunasema: kwanza tuifungue, kiisha tutajua kama imekufa.

Mwezi wa saba koperative moja ya Plaine ya Ruzizi ilitualika. Trakteri yao ilisimama tangu siku watu walipokimbia vita, na hakuna aliyeigusa tena. Wanachama waligawanyika mbili. Wamoja walitaka kuikokota na kamioni ili iwake kwa nguvu. Wengine walitaka kuiuza kwa kilo, kama vyuma vya kuyeyusha. Mashamba ya mpunga yalikuwa yanangoja, na saizo A inaanza mwezi wa tisa. Kulima yote kwa jembe kulikuwa kumewashinda mwaka uliotangulia.

Kuhusu kamioni, jibu letu lilikuwa fupi: hapana. Moteri iliyoshika ukiikokota, magurudumu yanalazimisha kila kitu kwa mara moja. Pistoni iliyoshikwa haitoki. Bieli ndiyo inapinda, ao shemizi inakwaruzwa. Pale unakuwa umeua moteri ambayo ilikuwa inalala tu.

Tulianza na bulo za inje. Vijana walikuwa wameshazipaka mawese. Mawese si mafuta ya kutu: ni mazito, hayaingii kwenye uzi wa bulo, na yakikaa yanakuwa kama gundi. Chukueni mafuta mekundu ya boite ya otomatiki, muchanganye na mazuti nusu kwa nusu. Kwanza mupige burushi ya chuma kutosha kutu ya juu, kiisha mutie, mugonge kichwa cha bulo kidogo kidogo na nyundo ili mafuta yashuke, murudilie asubuhi na jioni. Siku tatu, ine. Mutu mwenye haraka anavunja bulo, na bulo iliyovunjika ndani ni kazi ya siku nzima.

Halafu kuna jambo la kile, ambalo linaharibu trakteri nyingi kuliko kutu yenyewe. Bulo za trakteri hizi za Uingereza zimepimwa kwa inchi. Bulo ya nusu inchi ni milimita 12,7. Mukiweka kile ya 13 inacheza, na ukisukuma kwa nguvu inakula pembe za kichwa. Ya 9/16 ni milimita 14,3: kile ya 14 haiingii, ya 15 inateleza. Ya 3/4 peke yake ndiyo inakubali 19 bila shida. Koperative inunue kile chache za inchi, hata za okazio, mbele ya kununua pyesi yoyote. Na wakati wa kufungua, kwanza mukaze kidogo sana, mpaka musikie kutu imekatika, ndipo murudishe nyuma.

Ekru inayokataa tunaipa moto. Moto upige ekru, si bulo, juu ekru ndiyo inapaswa kupanuka. Ikiwa ya moto, mugusishe buji pembeni: inta inayeyuka na kuingia ndani kwenye uzi. Lakini moto usikaribie tangi ya mazuti, na kwenye gurudumu lenye pine usitumike kabisa. Pine yenye pumzi ikipata moto inaweza kupasuka kama bombe, na imeshaua mafundi. Bulo ikikatika, suderi anaweza kuunganisha ekru mpya juu ya kipande kilichobaki. Joto la suduri lenyewe linasaidia kukilegeza.

Sasa moteri. Tulitosha batri, tukaweka vitesi kwenye nyutro, tukafungua kulasi. Ekru zake zinalegezwa kidogo kidogo zote, kuanzia pembeni kwenda katikati. Ikigoma kuinuka, musichomeke turnevisi chini yake. Ule mkwaruzo utapitisha maji na pumzi. Ndani tulikuta shemizi mbili safi na ya tatu nyekundu kwa kutu. Kumbe bomba la moshi linaangalia mbinguni na halikufunikwa. Mvua ilishuka mpaka kwenye valvu iliyobaki wazi. Kopo la tomati juu ya bomba lingetosha.

Tulipangusa kutu, tukajaza shemizi na ule muchanganyiko, tukangoja. Kila siku tuliweka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni na kugonga, si kwa hasira. Pistoni iliyofika juu kabisa ao chini kabisa haipigwi, juu bieli iko wima na nguvu haizungushi kitu. Mugonge ile iliyo katikati ya njia. Kwenye moteri ya pistoni tatu hakuna siku ambayo zote ziko kwenye kikomo. Siku ya tisa volani ilisogea upana wa kidole. Tukairudisha nyuma, tukaisogeza tena, mbele na nyuma, mpaka ikazunguka nzima. Wale wa kuuza kwa kilo ndio walipiga vigelegele vya kwanza.

Inabaki ambreyaji. Diski imeshikana na volani. Pedali imekanyagwa na kufungwa na kijiti. Mara nyingi diski inajiachia yenyewe wakati moteri inapata moto na kutikisika. Ikikataa, trakteri inakatwa mbili katikati, na hiyo muachie fundi. Vumbi la diski na la freni za zamani musilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa: linaweza kuwa na amianti, inayoharibu mapafu. Mulilowanishe na maji, mupanguse na kitambaa, mukizike.

Kila mwanachama ametoa mfuko mmoja wa mpunga. Joint ya kulasi imepatikana Uvira, segma bado.