Pembe Ndogo Begani

Tarehe 16 Agosti 2023 mji wa Tabora ulirejea Ligi Kuu ya soka ukiwa na wachezaji wanane tu uwanjani, kwa kuwa usajili wa wengine ulikwama. Azam ikafunga mabao manne, na majeraha yalipowapunguza wageni hao wa Tabora zaidi, mchezo ukavunjika mapema. Msimu huo Tabora United ilinusurika kushuka kwa mechi za mtoano. Tarehe 7 Novemba 2024 ikaichapa Yanga 3-1 jijini Dar es Salaam, na msimu ukaisha ikiwa ya tano. Timu imepanda, hilo halina ubishi. Ila mji bado haujajifunza kuzalisha timu.

Klabu hii haikuzaliwa Unyanyembe, nchi ya Tabora. Ilianza Kilimanjaro kwa jina la Kitayosce, ikahamia Tabora na kubadili jina, na mwaka 2025 ikawa TRA United chini ya Mamlaka ya Mapato. Offen Chikola, aliyeifunga Yanga mabao mawili siku ile, alisajiliwa na Yanga hiyohiyo mwaka 2025. Kabla ya klabu hii, Rhino Rangers ya Tabora ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14, ikashuka papo hapo. Kinachoingia Tabora hupumzika, kisha huendelea na safari.

Wapo watakaosema soka la leo ni biashara, kila klabu hununua, na mji uliokua kwa misafara ya biashara haupaswi kuona haya kuishi kwa wapitaji. Hoja hiyo inasahau nani aliyeibeba misafara yenyewe. Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, walipeleka pembe za ndovu pwani kwa mabega yao wenyewe, na upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa miaka sita au saba walibeba pembe ndogo begani. Hivyo mpagazi alianza kuandaliwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa mzigo wa mtu mzima.

Wengine watauliza fedha za kulea vijana zitatoka wapi. Sehemu kubwa ya gharama imeshalipwa: shule za Tabora Boys na Milambo zina mabweni yaliyojaa vijana. Klabu ikipeleka makocha huko, na kuwapa wanaofaulu mechi za utangulizi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, basi hata mwenye timu akibadilika tena, wapagazi watabaki.