Dawa Inapomletea Mtoto Vipele

Leo tuzungumze juu ya vipele vinavyoletwa na dawa.

Mtoto alikuwa na kikohozi, akapewa dawa. Baada ya siku chache anatoka vipele, na jirani anasema, "Hiyo ni surua." Huenda ni surua kweli. Lakini jiulize pia: mtoto huyu amekunywa dawa gani wiki mbili tatu zilizopita? Kuna mzio, yaani aleji, unaotokea kwa dakika chache tu, ngozi ikavimba mabaka yanayowasha. Mwingine hungoja wiki nzima au zaidi, hata chupa ya dawa imekwisha.

Karibu dawa yoyote yaweza kufanya hivi, ila tunazishuku zaidi za salfa kama Septrin, za jamii ya penisilini kama amoksilini, na baadhi ya dawa za kifafa.

Vipele vingi hupoa vyenyewe dawa ikisimamishwa. Hata hivyo, mwonyeshe mhudumu wa afya kabla ya kumpa dozi nyingine. Na ukiwa kwenye dawa za TB au ARV, usiache kwa sababu ya muwasho mdogo. Njoo kliniki kwanza.

Hatari ni hii: homa pamoja na vipele, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, malengelenge, ngozi inayouma na kuchunika kana kwamba imemwagiwa maji moto. Hapo usimpe tena dawa hiyo, iwe ni dawa gani. Nenda hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku, kwani hali hii huua, na wengine hupofuka. Midomo ikivimba au akipumua kwa shida, usingoje hata dakika moja.

Beba pakiti za dawa zote, hata za kienyeji. Usizifiche kwa kuogopa kukaripiwa. Muuguzi hawezi kukisia.

Halafu mwombe akuandikie jina la dawa kwenye kijitabu cha kliniki. Ukituambia "ile nyeupe kubwa" hutusaidii, maana nyeupe kubwa ni nyingi. Jina hilo lina kazi. Mama aliyewahi kudhuriwa na Septrin, kisha akapewa SP ya kuzuia malaria akiwa mjamzito, anapewa salfa tena, na mara ya pili ngozi huweza kuharibika upesi na vibaya zaidi. Mwambie muuguzi kabla hujameza, hata kama foleni ni ndefu.