Ualimu na Usanii katika Maisha ya Rosemary Karuga: Tafsiri Mpya ya Miaka Isiyohesabiwa

Mtafiti wa sanaa za uchoraji anayeanzia Upanga, jijini Dar es Salaam, hukutana mapema na jina la Nyumba ya Sanaa. Taasisi hiyo, iliyoanzishwa na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll katika miaka ya 1970 na ambayo kwa muda mrefu ilikuwa kwenye Barabara ya Upanga, ndiyo iliyowalea George Lilanga na Robino Ntila. Mwanzilishi ni mwanamke. Majina yaliyovuka mipaka ya nchi ni ya wanaume. Hali hiyo haiihusu Upanga pekee. Inajitokeza katika sehemu kubwa ya historia ya usasa katika sanaa za Afrika Mashariki, yaani ule mkondo wa karne ya 20 wa wasanii waliopata mafunzo rasmi na kutafuta lugha mpya ya picha kwa ajili ya maisha ya hapa. Makala haya yanaichunguza hali hiyo kupitia maisha ya msanii na mwalimu wa Kenya, Rosemary Karuga.

Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928. Mwaka 1950 aliingia Chuo cha Makerere, Kampala, akahitimu mwaka 1952, naye hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa chuoni hapo. Ili uzito wa jambo hilo ueleweke, inafaa kukumbuka kwamba Makerere haikupokea wanafunzi wa kike hadi mwaka 1945, na kwamba kaulimbiu ya chuo iliyokuwa ikiwahimiza wanafunzi wawe wanaume ilibidi ibadilishwe kwa sababu yao.

Shule ya sanaa aliyoikuta ilikuwa imejengwa na mwanamke, Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha huko katika miaka ya 1930. Trowell hakuwa na desturi ya kuwaketisha wanafunzi mbele ya kielelezo ili wakinakili. Aliwasimulia kisa au tukio, kisha akawaacha walichore jinsi walivyoliona akilini. Mbinu hiyo imekosolewa, na kwa haki: msingi wake ulikuwa hofu kwamba mafunzo ya Kizungu yangemharibu mchoraji Mwafrika, kana kwamba Mwafrika hakuwa na uwezo wa kuchagua mwenyewe la kuchukua na la kuacha. Hata hivyo, ndiyo iliyotoa wachoraji wa visa kama Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili wazaliwa wa Kilimanjaro, na alama yake katika kazi za Karuga haijafuatiliwa inavyostahili.

Baada ya Makerere, Karuga alirudi Kenya, akaolewa, akalea watoto na kufundisha shule kwa miongo kadhaa. Hapo ndipo maelezo mengi yanayomhusu yanaporuka. Msomaji hutolewa mwaka 1952 na kutuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, alipostaafu na kuanza kutengeneza kolaji, sanaa ya kubandika vipande vya karatasi hadi viwe picha. Kwa kukosa fedha za rangi na turubai, alikata karatasi za sabuni ya Rexona, mifuko ya unga na kurasa za magazeti. Kisa hicho kinavutia, na kwa sababu kinavutia kimezoeleka mno: mama mtu mzima wa kijijini, asiye na vifaa, anagundua sanaa kwenye takataka za jikoni.

Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba inaugeuza uhaba kuwa chanzo cha sanaa. Uhaba huelekeza mkono wa msanii kwenye karatasi ya sabuni. Hauwezi kumfundisha cha kufanya nayo. Ulinganisho na Ulaya unasaidia hapa. Mwaka 1912, Georges Braque na Pablo Picasso walipoanza kubandika karatasi kwenye picha zao, mara nyingi waliiacha karatasi ijulikane ilivyo: gazeti likabaki gazeti, na mtazamaji akaalikwa kulitambua. Karuga huifanya karatasi kuwa rangi. Vipande vyake ni vidogo, vimepangwa bega kwa bega kama vijiwe vya nakshi ya ukutani, na mwanga na kivuli kwenye ubavu wa mnyama au bega la mwanamke hutokana na kupishana kwa vipande hivyo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea usanifu, uchoraji na uchongaji, anayejua umbo linavyojengwa kuanzia ndani.

Kasoro ya pili inahusu ualimu. Kuiita miaka ya kufundisha pengo ni kukubali, bila kuuliza, kwamba maisha ya msanii hupimwa kwa maonyesho peke yake. Mwalimu wa shule huishi katika mazingira ambamo karatasi hutumika mara mbili na kitu cha kufundishia hutengenezwa kwa kilichopo. Haiwezekani kuthibitisha kutokana na picha pekee kwamba kolaji zake zilitokana na darasa. Lakini ni vigumu zaidi kutetea dai kwamba miongo hiyo haikumwachia kitu.

Mwaka 1987 Karuga alikaribishwa kufanya kazi Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau pamoja na wenzake. Mwenyeji wake, kwa hiyo, alikuwa zao la shule ileile ya Makerere. Mambo yakaenda kwa kasi. Mwaka 1990 alishiriki maonyesho ya wasanii tisa wa Afrika katika Studio Museum ya Harlem, New York. Miongoni mwao walikuwamo El Anatsui na Bruce Onobrakpeya. Mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Baadaye alitengeneza kolaji za riwaya ya Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard, inayosimulia safari ya mnywa tembo anayemfuata mgema wake hadi mji wa wafu. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1952, mwaka uleule Karuga alipohitimu. Hiyo huenda ni sadfa tu. Lisilo sadfa ni aina ya kazi yenyewe: kusikia kisa na kukigeuza picha bila kielelezo mbele ya macho. Ndilo zoezi la Trowell, likifanywa sasa na mwanafunzi aliyekwisha kuwa bingwa, kwa kisa cha mwandishi Mwafrika na kwa karatasi iliyotoka dukani.

Theresa Musoke wa Uganda anatoa mfano wa kulinganisha. Naye alisomea Makerere, ambako alichora ukutani katika bweni la wanawake la Mary Stuart, na baadaye alifundisha nchini Kenya, pamoja na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ualimu wake umeandikwa katika wasifu wake kama sehemu ya sifa zake. Wa Karuga umeandikwa kama sababu ya kutokuwapo. Tofauti iko kwenye ngazi ya taasisi: jukwaa la chuo kikuu huhesabiwa, ubao wa shule ya kijijini hauhesabiwi, na kwa wanawake wa kizazi cha Karuga ubao huo ndio uliokuwa wazi.

Mwaka 2017 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalimtambua Karuga kuwa msanii wa mwezi. Wakati huo alikuwa akiishi Ireland kwa binti yake, na alifariki Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 92. Moto ulioizukia Paa ya Paa mwishoni mwa miaka ya 1990 uliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyo wa kituo hicho, hivyo ushahidi wa miaka yake ya mwanzo ya kolaji umepungua. Mahali ambapo utafiti haujafika ni kwenye shule: madaftari ya walimu, picha za pamoja za madarasa, na kumbukumbu za wanafunzi ambao sasa ni wazee.