Visawe hupamba insha, lakini huzua utata katika maelezo ya programu

MWANAFUNZI wa shule ya upili katika kaunti ya Homa Bay au Migori anapoandika insha, mwalimu humhimiza asirudie neno lile lile kila mara. Akiandika ‘gari’ katika sentensi ya kwanza, hushauriwa atumie ‘motokaa’ katika ya pili. Visawe huonyesha ukwasi wa lugha na huongeza alama.

Mazoea hayo yakihamishiwa katika maelezo ya programu za kompyuta na simu, huzua balaa. Lugha ya kiufundi ina kanuni yake: dhana moja, istilahi moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukulia mchuuzi wa omena wa Mbita anayesoma maelezo ya programu ya kuweka hesabu. Mstari wa kwanza unamtaka aandike ‘nenosiri’, wa pili unataja ‘nywila’ na wa tatu ‘nambari ya siri’. Aliyeandika alikusudia kitu kimoja, ila hakutaka kuchosha. Msomaji naye anadhani ametakiwa vitu vitatu. Kwa kuwa ‘nambari ya siri’ ndilo jina alilolizoea katika huduma za pesa kwa simu, huenda akaandika humo siri inayolinda akiba yake.

Hatari huzidi pale maneno yanayokaribiana yanapokuwa na kazi tofauti. Katika simu nyingi zenye menyu ya Kiswahili, ‘Ghairi’ humaanisha kuacha hatua uliyoianza, ilhali ‘Futa’ huondoa kitu kilichokwisha kuhifadhiwa. Katika mazungumzo, mtu anaweza kusema ameghairi safari au ameifuta, na akaeleweka. Kwenye simu, anayeelekezwa kubonyeza ‘Futa’ badala ya ‘Ghairi’ anaweza kupoteza orodha ya madeni ya mwezi mzima.

Wingi huu wa majina una historia. Nchini Kenya, vitabu vya shule vilieneza ‘tarakilishi’ na ‘rununu’, ilhali Watanzania walizoea ‘kompyuta’ na ‘simu ya mkononi’. Mnamo 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka uo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wa kutafsiri programu zake. Katika mji wa Isebania, Migori, unaopakana na Sirari upande wa Tanzania, mfanyabiashara anaweza kukutana na misamiati yote miwili kwa siku moja.

Isitoshe, kwa wakazi wengi wa kaunti hizi Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, baada ya Dholuo au Kikuria. Aliyejifunza neno moja darasani hana sababu ya kujua kwamba jingine lina maana ile ile.

Je, maelezo magumu yasirahisishwe? Hasha. Yarahisishwe kwa ufafanuzi, kwani kuweka ‘nakala ya akiba’ mahali pa ‘nakala rudufu’ hakumsaidii asiyejua jambo lenyewe. Afadhali aambiwe: ‘Nakala rudufu ni nakala ya pili ya kazi yako, inayowekwa mahali pengine ili simu ikiibwa au ikitumbukia ziwani, kazi isipotee.’ Baada ya hapo, jina hilo lisibadilishwe tena.

Vivyo hivyo, neno lililo kwenye kitufe liandikwe katika maelezo kama lilivyo, herufi kwa herufi. Kisawe kinachojulikana sana kitajwe mara moja tu, mwanzoni. Waandishi wanaoshirikiana katika kazi moja nao waandae orodha ya istilahi kabla ya kuanza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika nazo kikamilifu. Maelezo yanayobadilisha majina ovyo yanamnyima mchuuzi wa Mbita haki hiyo, hata yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili sanifu.